Anayekutembeza ndiye anayekuchagulia mji

Wengi wetu tukifika mji mgeni huwa tunafanya moja kati ya mambo mawili. Ama tunajifungia ndani tukisubiri mwenyeji atuchukue, ama tunazurura wenyewe mpaka miguu inauma, tunapiga picha za majengo tusiyoyajua. Mimi nasema ipo njia ya tatu iliyo bora: jiunge na kundi la matembezi ya kuongozwa. Saa mbili za kwenda kwa miguu na mtu anayeujua mji zinakupa mengi kuliko siku nzima kwenye dirisha la basi.

Lakini usisahau jambo moja. Huyo anayekutembeza ni mhariri.

Sisi wa magazetini tunaijua kazi hiyo. Mhariri si lazima aseme uongo. Anaamua tu habari ipi ikae ukurasa wa kwanza, ipi isukumwe kwenye kona ya ukurasa wa kumi na nane, na ipi iende kapuni. Kiongozi wa matembezi ni vivyo hivyo. Akikata kulia, ya kushoto huyasikii.

Nilipokuwa Berlin nilijaribu matembezi ya aina mbili. Ya kwanza ni yale yanayotangazwa kuwa ni ya bure. Ndugu yangu, usidanganyike na neno "bure"! Hulipi mwanzoni, lakini kiongozi anaishi kwa bakshishi unayompa mwishoni. Tuliona Lango la Brandenburg. Tukapita kwenye kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, yenye mihimili ya zege 2,711, iliyofunguliwa 2005. Tukasimama kwenye maegesho ya magari ambayo chini yake lilikuwapo handaki la Hitler. Kijana aliyetuongoza alijua anachosema, na nilimlipa kwa moyo mmoja.

Ila kutoka kwenye maegesho yale hadi Wilhelmstraße namba 92 ni dakika chache tu kwa miguu. Hapo palikuwa na jumba la Kansela Bismarck, ambamo kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885 wakubwa wa Ulaya walikaa kuwekeana kanuni za kujitwalia Afrika. Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, kampuni ya Carl Peters ikapewa hati ya Kaizari ya kuzitawala sehemu za nchi ambayo leo ni yetu. Jumba halipo tena, lipo bango la kumbukumbu. Kundi letu halikulifikia. Mimi Mtanzania nikatembezwa katikati ya Berlin bila Afrika kutajwa hata mara moja.

Ya pili yalikuwa Wedding, mtaa wenye eneo linaloitwa Afrikanisches Viertel, yaani Mtaa wa Kiafrika. Huko unakutana na Sansibarstraße, Togostraße na Ugandastraße. Na hadi 2024 ungekutana na Petersallee, iliyopewa jina hilo 1939 kwa heshima ya Carl Peters huyo huyo, ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wakubwa wa huko walitangaza kwamba sasa barabara inamheshimu Peters mwingine, Hans. Kibao ni kile kile, mtu ndiye amebadilishwa! Waafrika wa Berlin na Wajerumani wenzao hawakukubali. Mmoja wao ni Mtanzania, Mnyaka Sururu Mboro, aliyewatembeza watu katika mitaa hiyo kwa miaka mingi akiwaeleza majina yale yametoka wapi. Agosti 2024 Petersallee ikafutwa. Kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee, na kingine Anna-Mungunda-Allee, jina la mwanamke wa Namibia.

Kuna watakaosema matembezi ni starehe, siasa tuziache nyumbani. Sikubaliani nao. Kuliruka bango la Wilhelmstraße ni uamuzi kama ulivyo uamuzi wa kusimama hapo. Na palipo na bakshishi, uamuzi huo una bei. Kiongozi atawapeleka watu kule wanakofurahi kulipia. Simlaumu, naye ana kodi ya nyumba. Ila sisi wasikilizaji tujue.

Tena tusiishie kuwasema Wajerumani. Hapa Dar, ni wangapi kati yetu tuliosoma mpaka chuo kikuu tumewahi kusimama mbele ya Sanamu ya Askari pale Posta? Imekuwapo tangu 1927. Waingereza waliiweka kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na ina maandishi ya Kiswahili. Tunaizunguka kwa daladala kila siku. Anayesimamishwa pale akasimuliwa ni mgeni aliyeshuka ndege jana. Tukiacha hivyo, mji wetu utahaririwa kwa kufuata anachotaka kusikia mgeni, halafu watoto wetu watauliza kwa nini hawamo.

Kwa hiyo nenda, tembea, na mlipe kiongozi wako vizuri. Lakini kabla hamjaagana muulize swali moja: "Karibu na hapa kuna nini ambacho hatukukipitia?" Kisha kesho yake nenda huko.