Kusafisha serikali ni vizuri, lakini mtu asikilizwe kwanza

Tarehe 6 Novemba 1998, Rais Laurent-Désiré Kabila alitia sahihi amri namba 144. Kwa amri hiyo moja, mahakimu 315 wa Congo walifukuzwa kazi. Sababu zilikuwa nzito: utovu wa maadili, rushwa, kuacha kazi, kukosa uwezo. Lakini hakuna utaratibu wa nidhamu uliofuatwa ili kila mmoja aelezwe kosa lake na ajitetee. Mla rushwa na asiye na kosa waliwekwa katika kapu moja.

Mahakama Kuu ya nchi ilikataa kupokea malalamiko yao. Mahakimu 68 walifikisha kesi mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2003, Kamati hiyo ilisema haki zao zimevunjwa, na kwamba serikali iwarudishe kazini na kuwalipa fidia.

Wako watakaosema: rushwa inatesa raia, kwa nini kupoteza wakati na makaratasi? Hasira hiyo inaeleweka. Lakini anayefukuzwa bila ushahidi, hata kama kweli aliiba, anapata njia ya kurudi akijiita mwonewa, na hazina ya serikali ndiyo inadaiwa. Utaratibu mzuri haumlindi mwizi. Unamfunga kwa ushahidi wake mwenyewe.

Jambo hili linagusa mashariki kwa namna ya pekee. Goma iliingia mikononi mwa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Kuna walimu, wauguzi na makarani waliokimbia, na kuna waliobaki kwa sababu wagonjwa na watoto walibaki pia. Siku utawala wa Kinshasa utakaporudi, swali litaulizwa: nani anafaa kuendelea na kazi ya serikali? Likijibiwa kwa orodha na uvumi wa mtaani, jirani atamchongea jirani ili achukue kiti chake, na kabila la mtu litageuka kuwa ushahidi.

Katiba ya 2006 imekwisha kutoa njia. Kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi katika kazi za serikali kwa sababu ya kabila, makazi au maoni ya kisiasa. Kifungu cha 19 kinalinda haki ya kujitetea.

Basi kila anayeshukiwa apewe mashtaka yake kwa maandishi, aone faili yake na apate muda wa kujibu, akiwa na mtetezi. Anayemshtaki asiwe ndiye anayeamua. Uamuzi utaje sababu, na njia ya kukata rufaa mbele ya mahakama ya kiutawala ibaki wazi.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa samaki, labda. Kwa watumishi wa serikali, kila mmoja aangaliwe peke yake.