Mwenye Msitu Awe Ndiye Muuzaji

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji haukupita bure katika nchi ya watu. Watemi wenye nguvu walidai hongo, yaani malipo ya kupita, nayo ililipwa hadharani kwa nguo, shanga na waya. Mirambo wa Urambo alipopigana na wafanyabiashara wa Tabora kuanzia mwaka 1871, jambo moja kubwa lililogombewa lilikuwa hilo: ni nani mwenye haki juu ya mali inayopita katika nchi yake? Leo neno hongo limebadilika maana. Limekuwa malipo ya siri anayopewa mtu mmoja ili wengine wote wakose. Yeyote anayetaka kuelewa kinachoisumbua misitu ya vijiji vya Tabora na aanze kwa kutafakari mabadiliko ya neno hilo moja.

Tabora ni nchi ya miombo. Kutoka katika misitu hiyo Wanyamwezi wamepata asali na nta tangu zamani, na mwaka 1962 wafuga nyuki wa Tabora waliunda chama chao cha ushirika. Urambo nako, baada ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 kushindwa, mashamba yaligeukia tumbaku. Na tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni. Ongeza hapo mchoma mkaa anayelisha miji, na mpasua mbao anayetafuta mninga na mkurungo. Ni dhahiri basi kwamba watu wengi wanautegemea msitu mmoja. Swali ni nani apange, na nani alipwe.

Sheria haikuliacha swali hilo bila jibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikakiruhusu kijiji kutenga Msitu wa Hifadhi ya Ardhi ya Kijiji, kuuandalia mpango wa usimamizi, kutunga sheria ndogo, kuvuna kwa mujibu wa mpango huo na kuyatumia mapato kwa maendeleo yake. Hapana shaka kwamba haki hiyo ni kubwa. Lakini haki iliyoandikwa katika kitabu, na ambayo mwanakijiji hajapata kuiona ikigeuka kuwa dawati au zahanati, kwake si haki bali ni habari tu.

Pale ambapo kijiji hakina mpango, biashara haisimami, hufanyika usiku. Mlanguzi huja akaelewana na mtu mmoja au wawili, miti ikaangushwa, mbao zikapakiwa na gari likaondoka. Kijana aliyepasua mbao hizo hupewa ujira wa siku chache. Kijiji hubaki na visiki, na mwaka unaofuata mlanguzi huhamia msitu mwingine. Tofauti yake na msafara wa zamani ni kwamba msafara ulilipa kwanza.

Wapo wasemao kwamba wanavijiji wakiruhusiwa kuuza, watamaliza msitu. Afadhali wakatazwe kabisa. Hofu hiyo ina sababu, lakini jibu lake si sahihi. Mtu hailindi kwa moyo mali ambayo haimletei chochote. Ukimwambia mkulima alale porini akiwavizia wezi wa mbao, naye haruhusiwi kuuza hata ubao mmoja kwa faida ya kijiji chake, utakuwa umempa kazi ya askari bila mshahara.

Tena mifano ya kufaulu ipo nchini mwetu. Wilayani Kilwa, mwaka 2009, misitu ya vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, na vijiji vikaanza kuuza mpingo na miti mingine kwa utaratibu huo. Wilayani Kilosa, kwenye reli hii hii ya kati, tangu mwaka 2012 baadhi ya vijiji vimeanza kuchoma mkaa kwa mpango: sehemu ya msitu iliyotengwa hugawanywa katika viwanja vya mita 50 kwa 50, kimoja kikakatwa na jirani zake wakaachwa, na zamu hurudi baada ya miaka 24. Hilo linawezekana kwa kuwa miti mingi ya miombo huchipua tena kutoka katika visiki na mizizi, mradi moto na jembe visiifuate.

Hata hivyo tusijidanganye. Mninga si mti wa mkaa, wala haukui kwa haraka. Mche wake hukauka juu ya ardhi kila kiangazi na kuchipua tena kwa miaka kadhaa kabla haujapata nguvu ya kusimama, kisha huhitaji makumi ya miaka kabla ya kufaa kwa mbao. Kwa hiyo kuhesabu miti kabla ya kukata ndiyo sharti la kwanza la biashara hiyo.

Lipasalo kufanywa Sikonge, Uyui, Urambo na Kaliua linajulikana. Mipaka ya misitu ya vijiji ipimwe, na mipango ya uvunaji ikamilishwe. Wataalamu wa misitu wa wilaya wapewe nyenzo za kufika vijijini. Vijiji viuze kwa ushindani na kwa bei iliyotangazwa, na pale inapowezekana viuze mbao zilizopasuliwa badala ya mti uliosimama, ili ujira wa kazi nao ubaki nyumbani. Wakulima wa tumbaku nao wapande miti yao ya kuni na watumie mabani yanayobana matumizi ya kuni.

Mwisho, wananchi wenyewe wasikwepe wajibu wao. Kumnyang'anya mlanguzi msitu na kumkabidhi mwenyekiti asiyetoa stakabadhi si ukombozi. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, shilingi kwa shilingi, na kila aliyehudhuria awe na haki ya kuuliza. Malipo ya msitu yakirudi kuwa ya hadharani, kama yalivyokuwa malipo ya njia katika siku za misafara, hongo ya siri itakosa mahali pa kujificha, na msitu utapata walinzi wengi kama walivyo wenye nao.