Mahindi Hayasomi Kalenda

Wasee, mkiambiwa mbegu inakomaa "siku 120", huwa mnauliza hizo siku zilihesabiwa wapi? Kitale ama Kibwezi? Hamuulizi. Uko zako Nairobi, unatuma pesa ya shamba ushago, na tayari tarehe ya kuvuna umeiweka kwa simu.

Mahindi hayajui tarehe. Yanakusanya joto. Chukua joto la juu kabisa la siku, jumlisha na la chini kabisa, gawanya kwa mbili, halafu toa 10, juu chini ya digrii 10 mahindi karibu hayakui. Kinachobaki ni pointi za siku hiyo.

Tuseme mbegu yako inataka pointi 1,400 ndio ikomae. Mahali mchana ni 28 na usiku ni 20, inapata 14 kwa siku. Hizo ni siku 100. Panda hiyo hiyo mahali mchana ni 26 na usiku ni 14, inapata 10. Siku 140. Mbegu ni moja, tofauti ni siku 40.

Siku 40 si mchezo. Mvua inaweza kukatika mahindi ndio yanachanua. Mkopo unaweza kudaiwa punje zikiwa bado maziwa. Halafu unamlaumu binamu anayekuchungia shamba, eti ni mvivu.

Najua mtasema wazee walilima bila hizi hesabu. Ni kweli, lakini mzee alipanda mbegu ya kwao, kwa udongo aliozaliwa akiukanyaga. Wewe umekodi ekari mbili kaunti hujawahi kulala hata usiku mmoja. Usijilinganishe na yeye.

Mtasema pia joto si kila kitu. Sawa. Bila maji hakuna mahindi, na joto likipita 30 halikuongezei kasi, ndio maana wanaohesabu huishia hapo. Lakini hiyo si sababu ya kurudi kubahatisha.

Marekani, kampuni za mbegu humwandikia mkulima kiasi cha joto ambacho mahindi yanahitaji. Huku tunapewa siku tu, tushukuru. Kwa nini? Mimi chuo sikumaliza, na hii hesabu naifanya kwa kalamu na karatasi. Kampuni zetu zichapishe pointi kwenye pakiti.

Na wewe, kabla hujatuma hiyo pesa, piga simu uulize kitu kimoja: huko usiku baridi inafika digrii ngapi?