Muhogo unavumilia ukame, lakini uchungu wake tuuangalie

Februari 2024, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Wiki tano zilikuwa zimepita bila mvua, na kati ya hektari karibu milioni 2.2 za mahindi, milioni 1 hivi zilikuwa zimeharibika. Habari hiyo ilituhusu sisi pia: mahindi mengi ya bukari ya Lubumbashi yanapita Kasumbalesa.

Wiki tano zinawezaje kuharibu kazi ya msimu mzima? Jani linatengeneza chakula cha mmea kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa. Hewa hiyo inaingia kwa matundu madogo sana, na kwa matundu yale yale maji yanatoka kama mvuke. Udongo ukikauka, jani linafunga matundu. Maji yanahifadhika, lakini hewa haiingii tena vizuri, na sukari inapungua. Mmea uliokwepa kiu unaanza kuona njaa.

Mahindi yanatumia maji kwa uangalifu kuliko maharagi, ila yana saa yao ya hatari. Ukame ukiyakuta yanachanua, ndevu zinachelewa kutoka, chavua inaanguka bila kuzikuta, na gunzi linabaki na mapengo. Mvua ikirudi baadaye, nafasi imekwisha kupita.

Muhogo hauna saa kama hiyo. Ukiwa mchanga unaumia, lakini ukishashika udongo unafunga matundu mapema, unadondosha majani ya zamani, unatuma mizizi chini sana, na unangoja. Mvua ikirudi, unachipua kwa akiba ya wanga iliyo katika shina na mizizi. Ndiyo maana wengi wanashauri familia zipande muhogo kando ya mahindi, na sisi tunakubali.

Lakini ushauri huo mara nyingi unaishia shambani. Wakati wa ukame sumu ya sianidi inaongezeka katika muhogo, hasa ule mchungu. Na ni wakati huo huo ambapo njaa inasukuma watu kuloweka usiku mmoja badala ya siku tatu, na kula bila samaki wala maharagi. Hapo inakuja konzo: miguu inapooza ghafla, na haiponi. Wanaoshikwa zaidi ni watoto na akina mama. Daktari Trolli aliieleza huko Kwango mwaka 1938. Katika miaka yetu imeonekana hata Burhinyi, Kivu Kusini.

Kwa hiyo anayegawa vijiti vya muhogo afundishe pia kuuandaa. Tuloweke siku tatu kamili. Kwa unga ambao tayari umesagwa, iko njia ambayo akina mama wa Kay Kalenge, huko Popokabaka, wameitumia: wanaulowanisha kwa maji, wanautandaza mwembamba, usizidi sentimita moja, kwa saa mbili juani au tano kivulini, sumu itoke na hewa. Kisha wanapika siku hiyo hiyo.