Kabla ya kununua pikapu, pima mzigo

Mama mmoja wa Mtopanga ameniuliza swali ambalo naamini litawafaa wengi wenu. Yeye na mumewe wanafuga ng'ombe wa maziwa. Wameweka akiba kwa miaka, na sasa wameonyeshwa pikapu ya dizeli iliyotumika, aina ya Hilux, ambayo wanataka iwavutie trela la kuletea mitamba kutoka upande wa Mariakani. Anataka kujua kama injini yake itaweza kuvuta.

Msomaji mpendwa, kuvuta si kazi ngumu. Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ya petroli. Huwasha mafuta kwa kuikandamiza hewa mpaka ikawa moto sana, na nguvu zake hupatikana injini ikiwa bado inazunguka polepole. Ndiyo maana karibu kila pikapu ya dizeli itaondoka na trela. Jambo la kuuliza ni hili: je, itaweza kulizuia trela hilo kwenye mteremko?

Anza na kalamu na karatasi. Ng'ombe mzima wa Friesian hufika kilo 550 au zaidi. Farasi wa kupandwa, kwa wale wachache walio nao, ana kilo 450 hadi 500. Trela imara la wanyama wawili, likiwa tupu, lina kilo 800 hivi. Basi ng'ombe wawili pamoja na trela lao ni kilo 1,900. Hilux nyingi za zamani za kuvuta kwa magurudumu mawili hazifiki tani moja na nusu zikiwa tupu. Waona mambo yalivyo? Kinachovutwa ni kizito kuliko kinachovuta. Ukikanyaga breki ukiteremka Mazeras kwenda Miritini, au kwenye kona za Kaloleni ukielekea Mavueni, trela litakusukuma, na likianza kuyumba laweza kuigeuza pikapu ubavu. Na ndani ya pikapu hiyo aghalabu huwa wamekaa baba, mama na mtoto.

Isitoshe, mzigo wako una miguu. Saruji hutulia ulipoiweka. Ng'ombe hujiegemeza, hurudi nyuma, na hushtuka lori likipiga honi.

Kwa hivyo zingatia mambo haya.

Kwanza, breki za trela. Watengenezaji wengi wa pikapu huruhusu kilo 750 tu kwa trela lisilo na breki zake. Baadhi ya Hilux za lita 2.8 na Isuzu D-Max za lita 3.0 za miaka ya karibuni zinaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500, lakini hapo ni kwa trela lenye breki. Kiwango cha gari lako kimo katika kitabu chake cha maelezo. Kisome mwenyewe, usiambiwe na dalali.

Pili, injini. Hilux za zamani zenye injini ya 5L, cc 2,986, hazina turbo, na fundi wa mtaani anazielewa. Isuzu zenye injini ya 4JA1, cc 2,499, nazo ni vumilivu na hazili mafuta sana. Ubaya wake ni kwamba hupanda kilima kwa taabu zikiwa na mzigo. Zile za baadaye zenye turbo na pampu ya presha ya juu zina nguvu zaidi, lakini hazipatani kabisa na dizeli chafu. Tatizo la dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa lilikuwa kubwa hata mwaka wa 2018 serikali ikayatoza mafuta ya taa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kulikomesha. Ukinunua gari la aina hiyo, jaza mafuta katika kituo unachokiamini na ubadilishe chujio kwa wakati. Land Cruiser ya cc 4,164 ndiyo mfalme wa kazi hii, ila bei yake haimfai mwenye ng'ombe wawili watatu.

Tatu, chesisi. Sisi tulio karibu na bahari twajua chumvi inavyokula chuma. Lala chini ya gari na ugonge kwa nyundo ndogo pale springi za nyuma zinapofungwa. Panapotoa sauti ya kopo, ondoka. Chuma cha kuvutia trela nacho kifungwe kwenye chesisi, wala si kwenye bampa.

Nne, majaribio. Fika asubuhi kabla injini haijawashwa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni dalili ya ugonjwa. Kisha tia mzigo, upande kilima, na ushuke kwa gia ile ile uliyopandia. Kabla ya kutoa hata senti, hakikisha kwa NTSA kwamba logbuku ni ya muuzaji na kwamba gari halidaiwi mkopo.

Ukishanunua, pakia kwa akili. Uzito wa trela unaolalia pikapu uwe kama sehemu moja kwa kumi ya uzito wote. Ukiwa mdogo zaidi, trela litayumba. Mnyama akiwa mmoja, msimamishe upande wa dereva, kwani barabara zetu huinamia kushoto. Chukua kibali cha kusafirisha mifugo kwa afisa wa mifugo, trela liwe na nambari yake ya Z, na uulize kama bima ya gari inalihusu na trela pia.

Jibu langu kwa mama huyo, basi, ni kwamba hiyo Hilux itawafaa kama watabeba mtamba mmoja kwa safari, kwa trela lenye breki. Wakitaka kubeba wawili kwa pamoja, watafute gari zito zaidi. Na kama safari zenyewe ni mbili au tatu kwa mwaka, heri wakodi canter yenye dereva mzoefu, akiba yao inunue lishe na kujenga zizi. Gari la bei nafuu lisiloweza kusimama ni ghali kuliko yote. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.

Hadi Jumapili ijayo, safiri salama.