Pikipiki Haifi kwa Umri

Kuna imani iliyoenea Kibaha na Kisarawe, na nadhani nchi nzima, kwamba pikipiki ina miaka yake ya kufa. Ikifikisha mitano au sita, wanasema, imekwisha. Ikifikisha ishirini ni mkweche, hatari kwa anayeipanda na aibu kwa anayeiegesha uani. Mwenye akili huiuza mapema, akaongeza pesa, akanunua mpya, na asiyefanya hivyo ama ni bahili ama ameishiwa. Imani hii si ya kweli. Inatumalizia pesa, na inatupokonya ujuzi ambao baba zetu walikuwa nao.

Naandika nikiwa Pangani, kata hii ya Kibaha, si Pangani ya Tanga. Pikipiki yangu ni Honda CG125 ya zamani, ya zile zenye umeme wa volti 6. Siifanyii biashara. Mwisho wa wiki naitoa, naipitisha njia ya TAMCO kwenda Vikawe hadi Mapinga, au nashuka Kiluvya nikatafute Kisarawe na vilima vya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, kisha narudi nyumbani na vumbi langu. Vijana wa kijiweni huniambia, "Mzee, hiyo si uwape tu watu wa chuma chakavu?" Wanasema kwa heshima, na wanadhani wananisaidia. Basi wanastahili jibu lililokamilika.

Tuanze na mahali imani yenyewe ilipozaliwa. Pikipiki nyingi tunazoziona barabarani ni za bodaboda, hasa tangu kanuni za mwaka 2010 zilipotambua rasmi pikipiki na bajaji kuwa usafiri wa biashara. Na nyingi kati ya hizo ni za mkataba: tajiri ananunua, kijana anaendesha na kupeleka hesabu kila siku au kila wiki, hadi deni liishe ndipo chombo kiwe chake. Anayeimiliki haipandi, anayeipanda bado haimiliki. Pikipiki ya mkataba ina wakubwa wawili na haina mwenyewe. Inaamka alfajiri, inalala usiku wa manane, inabeba abiria wawili na gunia, na oili inabadilishwa pale tu injini inapoanza kulia. Simlaumu dereva. Anayedaiwa hesabu ya leo hawezi kufikiria valvu za mwaka kesho. Lakini pikipiki ya namna hiyo ikichoka baada ya miaka mitatu, kilichoichosha ni saa za kazi na kukosa matunzo. Sisi tukaitazama hiyo, tukahukumu pikipiki zote za dunia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hawalijui, na wangelijua wangeacha kuicheka Honda yangu. Katikati ya miaka ya 1970 Honda walikuwa na pikipiki nzuri za 125 ambazo kemshafti yake ipo juu, kichwani mwa injini, ikizungushwa na cheni ya taimingi. Katika nchi zinazoendelea injini hizo zilikuwa zinaharibika kabla ya wakati. Wahandisi wao walipochunguza walikuta watu wanabeba mizigo mizito kupita kiasi, hawabadilishi oili, wanaendesha bila chujio la hewa, na cheni ya nyuma inakauka kwa vumbi. Hawakukaa kutulaumu. Wakatengeneza injini inayovumilia yote hayo. Kemshafti wakaishusha chini, karibu na kranki, na fito mbili za chuma zikapewa kazi ya kusukuma valvu kutoka huko. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea na kupiga kelele. Cheni ya nyuma wakaifunika kwa kasha zima lisiloingiza vumbi. Chujio la karatasi la oili hawakuweka kabisa. Kuna wavu unaotolewa ukaoshwa, na kikombe kinachozunguka kikitupa uchafu pembeni. Hiyo ndiyo CG125.

Injini hiyo ikanakiliwa China, tena na viwanda vingi mno. Ukienda leo kwenye kijiwe chochote kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi, ukafungua mfuniko wa juu wa injini ya pikipiki nyingi za Kichina, utakuta fito zilezile mbili. Ukubwa umeongezwa hadi sentimita za ujazo 150, matangi yamepakwa rangi kali, lakini ubongo ni wa miaka ya 1970. Pakistan wao hawakuhitaji hata kunakili: wameendelea kuitengeneza CG125 yenyewe, kwa jina lake la Honda, hadi miaka hii tuliyomo. Kwa hiyo kijana anayeniambia niachane na teknolojia ya zamani amekalia teknolojia hiyohiyo. Tofauti ni kwamba yangu ilitengenezwa kwa chuma cha wale walioibuni.

Kuitunza je? Hapa ndipo watu wanapotishana bure. Oili ni kama lita moja, na kwa kuwa chujio la karatasi halipo, nabadilisha mapema kuliko mwenye pikipiki ya kisasa, injini ikiwa ya moto ili uchafu ushuke nayo. Tapeti zinawekwa injini ikiwa imepoa kabisa, uwazi wa milimita 0.08 pande zote mbili, kwa geji nyembamba ambayo mfukoni haina uzito. Fundi anayeseti tapeti kwa sikio, injini ikiwa bado inachemka, anakuharibia valvu huku akikuhakikishia kwamba sasa imetulia. Plagi inasafishwa na kupimwa. Viatu vya breki vinafunguliwa, vumbi linapulizwa, unene unatazamwa. Waya wa klachi unapakwa oili kabla haujaanza kukatika nyuzi. Kazi yote hiyo haichukui hata mchana mmoja, na spana zinazohitajika zinaenea kwenye mfuko wa rambo. Spea za injini zinapatikana Kariakoo kwa sababu ileile ya kunakiliwa. Kazi kubwa ni kumpata muuzaji anayekuambia ukweli ipi ni orijino na ipi ni feki. Silinda ikiliwa, inachongwa kwenye mashine na kuwekewa pistoni ya saizi inayofuata. Injini inaanza upya.

Hata zile zinazochoma oili pamoja na petroli, Yamaha DT na Suzuki TF ambazo mabwana shamba na watu wa afya walizunguka nazo vijijini, hazina siri kubwa. Zinahitaji oili sahihi na bomba la moshi lililosafishwa masizi. Nyingi hazikufa. Zimeachwa kwenye yadi za ofisi, majani yakapenya kwenye spoku, kwa sababu waya mmoja ulikatika na mradi ulikuwa umeisha.

Lazima niwe mkweli kuhusu kinachozeeka kweli, maana kipo. Mpira unazeeka. Tairi linazeeka hata likikaa tu kivulini, na tarehe yake imeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2319, tairi lile lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata zake zote zimesimama kama za jana. Mipira ya petroli inakauka na kupasuka. Petroli iliyokaa kwenye kabureta inaacha utando unaoziba vijitundu, kwa hiyo pikipiki inayopumzika wiki kadhaa ifungwe bomba la petroli na iachwe iungurume hadi izime yenyewe. Tangi liachwe limejaa, kwa sababu hewa yetu ya Pwani ina unyevu, na nafasi tupu ndani ya tangi ndiyo kutu inakoanzia. Na taa ya volti 6 ni dhaifu. Mimi siipandi Barabara ya Morogoro usiku, katikati ya malori na mabasi, na simshauri mtu afanye hivyo.

Lakini hatari? Watu wanaoniambia pikipiki ya zamani inaua, wengi wao wamepanda pikipiki ya mwaka jana yenye tairi kipara, kioo kimoja, na kofia ngumu ikining'inia mkononi kusubiri askari. Shirika la Afya Duniani linasema kofia ngumu ikivaliwa sawasawa inapunguza uwezekano wa kufa kwa takribani asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Wanasema breki za zamani ni mbovu kwa kuwa si za diski. Nawaomba wazitazame Boxer na TVS za mtaani kwao: nyingi mbele zina viatu vilevile. Breki ya viatu iliyosetiwa jana inasimamisha pikipiki. Ya diski iliyoishiwa pedi haisimamishi. Anayepanda polepole pikipiki anayoijua kila nati yake yuko salama zaidi ya anayekimbiza asiyoijua, na hili sitalirudisha nyuma hata hatua moja.

Halafu lipo la aibu, ambalo halisemwi waziwazi: kwamba mtu mzima aliyesoma, mwenye kazi, akionekana kwenye pikipiki ya zamani basi maisha yamempita. Vuka bahari uende Unguja. Utamkuta mzee wa kanzu na kofia kwenye Vespa iliyo kubwa kwa umri kuliko wajukuu zake, anakwenda sala ya Ijumaa, na hakuna anayemwonea huruma. Mafundi wa Vespa kule wamerithishana kazi. Heshima ya mzee yule inaonekana kwenye rangi aliyoing'arisha mwenyewe na injini inayowaka kwa pigo la kwanza. Kwa nini bara tumeamua kwamba heshima inatoka dukani?

Linaniuma zaidi kwa sababu ya mji ninaoishi. TAMCO, ambayo leo kwa wengi ni jina la kituo na la njia ya kuja kwetu, ilikuwa kampuni ya kuunganisha magari. Malori ya Scania yalifungwa hapa Kibaha, na mikono ya Watanzania ndiyo iliyokaza nati. Mji uliowahi kuunda lori leo unaamini kwamba kabureta ikiziba dawa yake ni kununua pikipiki nyingine. Vijana wana akili na wana njaa ya kazi. Wanachokosa ni chombo cha kujifunzia kinachofunguka, na pikipiki ya zamani inafunguka yote, haina kompyuta ya kukuficha kitu. Ningependa kuona kila chuo cha ufundi mkoani Pwani kikinunua, kwenye mnada, pikipiki mbili tatu zilizotupwa yadini, na mwanafunzi asipewe cheti mpaka moja iondoke kwa miguu yake.

Anayetaka kuanza na pikipiki ya zamani, asikimbilie rangi. Aombe kwanza kadi ya usajili, alinganishe namba ya chasisi na ya injini kwa macho yake, na jina la muuzaji lifanane na la kwenye kadi. Kama halifanani, aondoke. Aifikie pikipiki ikiwa ya baridi, aguse injini kwa kiganja, maana muuzaji mjanja huiwasha kabla hujafika. Apige kiki kwa mkono taratibu asikie kama kuna ugumu wa mgandamizo. Ikiwaka, atazame moshi: wa buluu usiokoma ni ringi au silinda, na hiyo ipunguzwe kwenye bei. Ashike gurudumu la nyuma alitikise kushoto na kulia, aangalie kama usukani unakwama unapofika katikati, afungue mfuniko wa tangi amulike kutu kwa tochi ya simu. Asome zile tarakimu nne za tairi. Akikuta vyote viko sawa, na muuzaji anasema sababu yake ya kuuza ni kwamba tu imezeeka, amlipe siku hiyohiyo kabla hajabadili mawazo.