Sauti Ipo, Picha Hakuna

Nyumba nyingi siku hizi zina kisanduku chenye diski ndani yake, kimeunganishwa kwa waya na ruta. Humo watu huweka video za arusi, nyimbo na picha za watoto, kisha huzitazama kwa televisheni ya ukumbini bila kuchomeka kitu. Ni jambo jema, mpaka siku linapogoma. Leo nataka tuzungumze habari ya siku hiyo, maana kwetu nusura itupotezee kitu kisichonunuliwa dukani.

Marehemu Baba ametuachia video moja tu, aliyopigwa na shemeji yangu kwa simu. Amekaa barazani, anawaeleza wajukuu jinsi alivyojenga nyumba yetu. Tuliihamisha kutoka katika simu, tukaiweka kisandukuni, na simu ile baadaye ikauzwa. Siku moja ndugu wote tulikusanyika tuitazame. Sauti ya Baba ikaja wazi kabisa, lakini kioo kilikuwa cheusi. Mama akauliza, "Mbona anasema gizani?"

Tukaita fundi. Alikuwa kijana mwenye adabu, akagusa hapa na pale, kisha akasema, "Karani, diski hii imekwisha. Tuifute yote tuanze upya." Nami, nakiri, nilikuwa karibu kukubali. Aliyetuokoa ni Mama, ambaye kompyuta hajui hata kuiwasha. Alisema, "Mwanangu, kama imekwisha, sauti yatoka wapi?"

Hapo ndipo nilipotia akili. Video hupita mahali patatu: hutoka ghalani, yaani kisandukuni, husafiri njiani, yaani katika ruta na waifai, hupokewa na televisheni. Kabla ya kulaumu pamoja, yafaa kujua ni wapi penye kasoro. Jaribio la kwanza ni rahisi. Fungua faili ile ile kwa kompyuta iliyo katika mtandao huo huo, ukitumia programu ya VLC, ambayo hutolewa bure na husoma karibu kila namna ya video. Ikicheza vema, faili ni nzima na diski inasoma. Ya Baba ilicheza. Hata vifungo vya shati lake vilionekana.

Basi kosa lilikuwa nini? Lilikuwa la lugha. Video haihifadhiwi ilivyo. Hubanwa kwa kanuni maalumu ili iwe ndogo, na televisheni haina budi kuijua kanuni hiyo ili iikunjue. Kanuni iitwayo H.264 ilitoka mwaka 2003, na karibu kila televisheni ya siku hizi yaijua. Mwaka 2013 ikaja H.265, ambayo hubana zaidi, na simu za Apple zilianza kuitumia mwaka 2017. Televisheni yetu ni ya zamani. Sauti iliifahamu, picha haikuifahamu. Pengine mambo hugeuka: picha yaonekana na sauti hakuna. Hiyo nayo ni lugha, hasa sauti ikiwa ya namna ya DTS, ambayo televisheni nyingi hazisomi.

Utasema, je, kisanduku hakiwezi kufasiri? Chaweza, ukikiwekea programu kama Plex au Jellyfin. Lakini kufasiri video huku watu wanaitazama ni kazi nzito, na visanduku vya bei nafuu vina ubongo mdogo. Matokeo yake ni picha inayosimama kila baada ya sekunde chache. Ni afadhali kufasiri mara moja tu, kwa kompyuta. Mimi nilitumia HandBrake, nayo ni ya bure, nikaiambia itoe nakala ya H.264. Kompyuta yangu ni ya kale, ikafanya kazi hiyo usiku kucha. Faili ya kwanza sikuifuta, nawe usifute yako, maana kila kubana upya hupunguza ubora kidogo.

Sasa habari ya njia. Video ikianza vema kisha ikikatika-katika, wengi hukimbilia kununua bando. Ndugu msomaji, usipoteze fedha! Video iliyomo kisandukuni haitoki nje ya nyumba. Yapita katika ruta tu mpaka kwenye televisheni, na bando hata likiisha haidhuriki. Tatizo huwa ni waifai. Dakika moja ya video ya 4K kutoka katika simu yaweza kuwa megabaiti 170, na ikipigwa kwa picha 60 kwa sekunde hufika kama 400. Mzigo huo ukipita kuta mbili huchoka. Waifai ya gigahezi 5 ina mbio lakini kuta huizuia. Ile ya 2.4 hupenya vizuri zaidi lakini ina msongamano, hata jiko la maikrowevu huivuruga. Dawa ya hakika ni waya. Tundu la waya la televisheni nyingi hupitisha megabiti 100 tu kwa sekunde, nazo zatosha kwa video hizo.

Kama televisheni haikioni kisanduku kabisa, tazama kwanza imeunganishwa na waifai gani. Televisheni nyingi hufuata mapatano ya DLNA, jumuiya ya makampuni iliyoanzishwa mwaka 2003 na kuvunjwa mwaka 2017, ingawa mapatano yake yangali yanatumika. Kwa mapatano hayo vifaa huitana kwa sauti ndani ya mtandao mmoja. Mtoto akiiweka televisheni katika waifai ya wageni, mwito haufiki, maana ruta huwatenga wageni kwa makusudi. Na ikiwa kisanduku chaonekana ila video mpya haimo katika orodha, kiamuru kipange orodha upya. Kungoja nusu dakika kabla ya video kuanza si ugonjwa. Diski zilikuwa zimelala.

Tulipoiweka ile nakala, Mama aliitazama mara tatu, kisha akataka kujua ni nani aliyempa Baba shati lisilopigwa pasi.

Lakini usiku ule mimi sikulala vizuri. Kisanduku chetu kina diski mbili zenye mambo yale yale, nami siku zote nilijiona salama. Kumbe diski ya pili yasaidia moja ikifa tu. Fundi angefuta, zote mbili zingefutwa pamoja kwa amri ile ile. Na mwizi akichukua kisanduku, huchukua zote. Asubuhi yake nilinunua diski ya nje, nikanakili kila kitu, nikaifungua kwa kompyuta nyingine ili niwe na hakika kwamba inasomeka, kisha nikampelekea dada yangu upande wa pili wa mji. Ameifunga ndani ya kanga, ameiweka chini ya sanduku lake la nguo.